Kuku wangu wanajikunyata asubuhi: ni baridi ya Julai au ni ugonjwa?

Swali: "Shikamoo daktari. Nakaa Ipuli, Tabora mjini. Nina kuku 17, wengi wa kienyeji, wachache chotara. Tangu baridi hii ianze, wanne wanajikunyata, wamevimbisha manyoya, wanapiga chafya na hawakimbilii chakula. Mmoja amevimba uso upande mmoja na jicho limefunga. Mwingine aliugua hivyohivyo, akafa siku ya sita. Mayai yameshuka kutoka tisa kwa siku hadi matatu. Kinyesi nakiona cha kawaida. Nimeziba madirisha kwa viroba, usiku naweka jiko la mkaa bandani, na nimewatilia kwenye maji vidonge vya tetrasaiklini vya watu. Kwenye simu nimesoma kwamba wakati wa baridi kuku wapakwe mafuta ya mgando kwenye upanga. Wiki tatu zilizopita nilinunua mitetea watatu mnadani. Chanjo sikumbuki walipata lini. Jirani ananiambia niwauze wote kabla hawajafa. Je, ni baridi au ni mdondo? Na mayai tunaweza kula?"

Jibu:

Marahaba, mama. Nitajibu yote uliyouliza, ila kuna mambo mawili ya kufanya leo kabla jua halijazama. Toa jiko la mkaa bandani, na lisirudi tena. Kisha fungua viroba vya sehemu ya juu ya madirisha, ile iliyo juu ya vichwa vya kuku wakiwa wamelala kwenye fito. Vya chini, vinavyozuia upepo usiwapige vifuani, viache.

Nimeanza na hilo kwa sababu banda lililozibwa pande zote, ndani kuna mkaa unaowaka, linaweza kukumalizia kuku kabla ugonjwa haujawamaliza. Mkaa ukiwaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Ni hiyohiyo ambayo kila mwaka tunasikia imeua watu waliolala na jiko chumbani. Na kuku anaumia upesi kuliko sisi, maana mbali na mapafu ana vifuko vya hewa vilivyotanda mwilini mwake, vingine vimeingia hadi ndani ya mifupa. Anachovuta kinamfika kote.

Kuna jambo la pili kwenye banda lililozibwa, nalo ni amonia. Kinyesi na unyevunyevu wa pumzi za kuku usiku kucha huzalisha ile harufu kali inayowasha macho. Ndani ya koo la kuku kuna vinyweleo vidogo mno ambavyo kazi yake ni kufagia vumbi na vijidudu kuvirudisha nje. Amonia huvilemaza. Ukifungua mlango asubuhi na harufu ikakupiga puani, jua kwamba ufagio huo umeshaharibika, na mdudu yeyote atakayeingia hana wa kumzuia. Fanya hivi kesho: chuchumaa ndani ya banda, pua yako iwe usawa wa kuku aliyesimama, uvute pumzi mara tatu. Usipoweza kukaa hapo, kuku hawawezi pia, ila wao hawana ufunguo wa mlango.

Sasa hii baridi. Usiku wa Julai hapa Tabora hushuka hadi karibu nyuzi joto 15, na mchana hupanda hadi 28 hivi. Mwili wa kuku mzima una joto la nyuzi 41. Kuku mkubwa mwenye manyoya kamili, aliyeshiba, ambaye hajalowa na hapigwi na upepo, nyuzi 15 hazimsumbui. Kanada na Uingereza watu wanafuga kuku wa nyumbani theluji ikiwa imelala juu ya paa la banda. Ule ushauri wa mafuta ya mgando umetoka huko, ambako upanga wa kuku unaweza kuganda barafu, ukawa mweusi na kukatika. Kwetu hakuna barafu. Ukiwapaka mafuta kwenye kipupwe chetu chenye vumbi, utawapaka matope.

Na kwa kuwa unasoma kwenye simu, nikuonye na jingine linalofanana na hilo. Utasoma kwamba ni kawaida kuku kupunguza mayai wakati wa baridi. Huko ni kweli, kwa sababu mchana wa Desemba mjini London hauzidi saa nane hivi za mwanga, na kuku hutaga vizuri akipata mwanga wa saa 14 au zaidi. Sisi tuko nyuzi tano tu kusini mwa ikweta. Mchana wetu wa Juni na Julai unakaribia saa 12, karibu sawa na wa Desemba. Kwa hiyo mayai yakishuka kutoka tisa hadi matatu ndani ya siku chache, usilaumu jua. Kuna kitu ndani ya kundi.

Nitakueleza kwa nini nasisitiza hivi. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu, nikiwa upande wa Sikonge, bibi mmoja aliniita mwezi wa Julai kama huu. Kuku wake walikuwa wamejikunyata ukutani, manyoya juu, macho nusu. Nilisimama mlangoni, sikumshika hata mmoja. Nikamwambia, "Ni baridi tu, bibi, wazibie upepo." Siku ya nne nilipopita tena, alikuwa amebakiwa na tetea mmoja. Ulikuwa mdondo, ule ugonjwa wa virusi unaoitwa pia kideri. Kuku wale ndio waliokuwa ada ya shule ya mjukuu wake. Tangu siku ile neno "baridi tu" sijalitamka juu ya kuku mkubwa kabla sijamshika mkononi.

Kuku ni ndege wa kuwindwa. Mwewe humchukua aliye mnyonge kwanza, na wenzake bandani humdonoa anayeyumba. Kwa hiyo ameumbwa kuficha ugonjwa hadi nguvu za kuficha ziishe. Unapomwona amejikunyata mchana, ujue hakuanza jana. Kipimo changu ni cha saa. Saa 12 na saa 1 asubuhi kuku wote huvimbisha manyoya. Wanashika joto, na hilo ni jambo jema. Jua likishapiga, saa 4 hivi, wazima wote wamelaza manyoya na wanaparura. Ambaye saa 4 bado ni mviringo kama mpira, shingo ameiingiza ndani, mkia umeshuka, huyo hasemi anasikia baridi. Anaumwa, na yafaa atoke kundini saa hiyohiyo, si jioni.

Ukishamtoa, mshike. Mbane chini ya kwapa mabawa yakiwa yametulia, uanze mdomoni kwenda nyuma. Tazama matundu ya pua kama yana ute, na ukamue kidogo kwa kidole: ni maji, ni mzito, au unanuka? Fungua mdomo uangalie ulimi na koo. Utando wa manjano uliong'ang'ania ni habari tofauti kabisa na mate. Angalia rangi ya upanga. Wekundu ni mzuri. Uliopauka unaonyesha damu imepungua, na uliogeuka samawati unaonyesha hewa haitoshi. Papasa gole, ule mfuko wa chakula chini ya shingo. Jioni liwe limejaa, asubuhi kabla ya kula liwe tupu. Likijaa asubuhi, chakula hakishuki. Pitisha kidole kwenye mfupa wa kidari, kwa sababu ukiwa umechongoka kama kisu, kuku huyu hali vizuri tangu wiki nyingi, na manyoya yalikuwa yanakudanganya. Mwisho angalia kwenye haja, manyoya yake yamegandamana na nini, na chini ya mabawa kuna chawa au la.

Halafu kuna uchunguzi mmoja ambao wafugaji wengi hawaufanyi, nao ni bure. Usiku saa 3, kuku wakishatulia kabisa, nenda bandani bila taa na bila maneno. Simama. Sikiliza kwa dakika tano. Mchana kelele huficha, ila usiku utasikia kila chafya, kila mkoromo, kila mluzi mwembamba wa pua iliyoziba. Hesabu. Kesho usiku hesabu tena. Idadi ikipanda kutoka wanne hadi tisa, unajua ugonjwa unakwenda wapi kabla macho hayajaona.

Sasa turudi kwa kuku wako. Kwenye kipupwe na kiangazi swali la kwanza huku kwetu ni moja: huu ni mdondo au siyo? Ndio ugonjwa unaofagia vijiji kuanzia Juni hivi hadi mvua zinapokaribia. Baridi haiuzalishi, ni virusi. Lakini majira haya mazao yameshaingia ndani, watu wanauza na kununua kuku, wachuuzi wanazunguka na matenga kwenye baiskeli kutoka kijiji hadi kijiji kuelekea stesheni, sherehe nazo ni nyingi, na upepo unapeperusha vumbi la kila uwanja. Virusi vinasafiri na kuku, na tenga, na viatu.

Mdondo ukiingia kwa kuku wasiochanjwa hauchelewi. Unakuta wamekufa wawili asubuhi, watano kesho yake, nusu ya banda keshokutwa. Kinyesi huwa cha majimaji na kijani. Wanahema kwa mdomo wazi. Wanaochelewa kufa hupinda shingo, hutembea kinyumenyume au kuzunguka, bawa moja au mguu hulegea. Mayai hutoka bila ganda au yamepinda. Wewe umeniambia kinyesi ni cha kawaida, amekufa mmoja tu naye siku ya sita, na kuna uso uliovimba upande mmoja. Hiyo siyo njia ya mdondo.

Ninavyoona mimi, umeletewa mafua ya kuku, na pengine yameambatana na ule ugonjwa sugu wa njia ya hewa unaosababishwa na maikoplazma. Mara nyingi hutembea pamoja. Mafua haya ni ya bakteria. Kuku akiambukizwa huanza kuonyesha ndani ya siku moja hadi tatu: ute puani, chafya, uso na chini ya macho kuvimba, jicho kufunga, mayai kuanguka. Wachache hufa, wengi hukonda na kuacha kutaga. Alama yake kubwa ni harufu. Nusa ute wa yule aliyevimba uso. Ukinuka kama kitu kilichooza, umeshapata jibu lako zaidi ya nusu.

Na mlango ulioingilia naushuku ni wale mitetea watatu wa mnadani. Kuku aliyepona mafua hubaki na mdudu bila kuonyesha chochote. Anakula, anataga, anang'aa, na anawapumulia wenzake. Ukimleta nyumbani akachangia chombo cha maji na wako, kwenye banda lililozibwa lenye amonia, yanatokea haya uliyoniandikia. Nakwambia hivi ili ujue hukukosea kwa kuwapenda kuku wako. Uliziba banda ukidhani unawafunika blanketi.

Kuna jambo jingine linalofanana sana na mafua, nalo hulijia eneo letu kila kiangazi: upungufu wa vitamini A. Nje majani yamekauka, nyasi za kijani hakuna, na kuku anakula mahindi meupe na pumba yake, ambayo hayana vitamini hiyo. Baada ya wiki nyingi macho huanza kutoa maji, kisha hujaa ute mweupe kama jibini, na ndani ya koo hutokea vipele vyeupe vidogo. Mfugaji ananunua dawa ya mafua, haisaidii, ananunua nyingine. Tiba ilikuwa shambani. Kwa hiyo hata kama wako ni mafua, kuanzia leo wape matembele, mchicha au majani ya mlonge, konzi mbili tatu kila siku, na papai lililoiva likipatikana. Majani yafungwe kamba yaning'inie usawa wa vichwa vyao, yasikanyagwe. Utando wa koo na macho hujijenga upya kwa vitamini hiyo, na kuku mwenye mafua anaihitaji zaidi ya mwingine.

Sasa matunzo. Wanne wale wakae mbali na wenzao, kwenye chumba au banda jingine, si ng'ambo ya wavu wa banda lilelile. Hewa ipite juu, chini pawe pakavu. Joto la mgonjwa ni jambo jingine, maana mwili wake hauwezi tena kujipasha: jaza dumu la lita tano maji ya moto, lizungushie kitambaa kinene, liweke kona moja ili anayetaka aliegemee na asiyetaka akae mbali. Badilisha kabla hujalala. Hicho ndicho kitakachochukua nafasi ya jiko.

Maji asubuhi yawe vuguvugu. Maji yaliyolala nje usiku wa Julai ni baridi, kuku anaonja mara moja na kuacha, na kuku asiyekunywa hali. Kwa wagonjwa, lita moja ya maji safi tia kijiko cha chakula cha sukari na chumvi ya kushika kwa ncha za vidole viwili, isizidi hapo, kwani chumvi nyingi ni sumu kwa kuku. Asiyeweza kunywa mwenyewe usimmiminie mdomoni. Tundu la pumzi liko nyuma tu ya ulimi, na maji yakiingia huko umemzamisha akiwa mikononi mwako. Dondosha tone pembeni ya mdomo, msubiri ameze, dondosha jingine. Chakula kiwe laini: pumba iliyolowekwa maji ya vuguvugu, ichanganywe na vumbi la dagaa kidogo, ikaliwe yote ndani ya saa moja na mabaki yatupwe.

Jicho lililofunga lioshe mara mbili kwa siku kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kidogo kimoja cha chumvi, kwa kitambaa safi, ukilainisha taratibu hadi lifunguke. Usikamue uvimbe. Vaa glovu au mfuko wa plastiki mkononi, na hudumia wazima kwanza, wagonjwa mwisho, kisha unawe na ubadilishe viatu. Watu wengi husambaza ugonjwa ndani ya ua wao kwa kuanza na mgonjwa kwa sababu ndiye wanayemhurumia zaidi.

Dawa sasa. Vidonge vya watu acha leo. Huwezi kujua umewapa kiasi gani. Mmoja amekunywa nyingi, mgonjwa asiyekunywa hakupata kitu, na wadudu waliopata kidogo wanajifunza kuishi na dawa hiyo. Usugu huo hautabaki bandani, utaingia jikoni kwako. Mafua ya kuku yanatibika kwa dawa za mifugo za kundi la sulfa zenye trimethoprimu, au oksitetrasaiklini ya kuku ya kutia kwenye maji, na kama maikoplazma ipo daktari anaweza kuchagua tailosini. Ipi kati ya hizo, aamue afisa mifugo wa kata yako akishawaona kuku, na kipimo kifuate karatasi ya dawa. Dozi imalizwe hata wakichangamka siku ya pili. Siku za dozi usiwape maganda ya mayai wala chokaa ya mifugo kama dawa ni ya jamii ya tetrasaiklini, maana kalsiamu huikamata dawa hiyo tumboni isiingie mwilini. Hilo wauzaji wengi hawalisemi.

Watu watakuja pia na shubiri na pilipili kama dawa. Siwazuii watu mila zao, lakini shubiri huyafanya maji kuwa machungu, na kuku mgonjwa tayari anakunywa kidogo. Mimi huchagua anywe.

Mayai uliniuliza. Mafua ya kuku hayampati mtu kwa kula yai. Tatizo ni dawa iliyomo ndani ya yai. Kila dawa ya mifugo ina siku zake za kusubiri, zimeandikwa kwenye karatasi, na ndani ya siku hizo mayai hayaliwi wala hayauzwi. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha siku hizo, nunua kwingine. Kwa vile vidonge ulivyokwisha kuwapa bila kipimo, mimi ningefukia mayai yote hadi wiki mbili zipite tangu mara ya mwisho. Najua yanauma. Ila mtoto wako asile dawa ambayo hakuandikiwa. Na mayai ya kundi hili usiyaatamishe mwaka huu, kwa sababu maikoplazma hupitia ndani ya yai hadi kwa kifaranga.

Jirani yako amekushauri uuze. Naomba usifanye hivyo. Naelewa hesabu yake: kuku aliyekufa hana bei. Lakini aliyekuuzia wale watatu huenda alipewa ushauri huohuo, na ndiyo maana leo unaniandikia. Kuku wako wakiingia kwenye tenga wataishia ua wa mama mwingine, pengine Uyui, pengine Nzega, ambaye naye ana kuku 17 na ada ya mtoto. Ugonjwa wa kuku vijijini kwetu unatembea kwa miguu ya biashara hii ya hofu kuliko kwa upepo wowote. Walioumwa wakipona, siku za dawa zikishapita, wachinje mmojammoja kwa mboga ya nyumbani, au kaa nao bila kuingiza wala kutoa kuku hai hadi kundi lote liishe. Kisha banda lisafishwe, lipigwe jua, likae wazi wiki mbili tatu. Mdudu wa mafua ni dhaifu nje ya mwili wa kuku. Ukavu na jua vinammaliza upesi.

Akifa mwingine, usimtupe jalalani wala usiwape mbwa. Mtie kwenye mifuko miwili ya plastiki, mfunge, mweke kwenye ndoo yenye barafu, asigandishwe, umpeleke siku hiyohiyo Wakala ya Maabara ya Veterinari, TVLA, kituo chao kipo hapahapa Tabora. Kuku mmoja aliyepasuliwa na mtu anayejua atakuambia mengi kuliko barua yangu yote. Na wakifa watatu au zaidi kwa siku moja, au ukiona kijani kwenye kinyesi au shingo kupinda, acha kila kitu nilichoandika hapa na umpigie afisa mifugo kabla hujagusa chochote. Mdondo hauna dawa. Kazi inayobaki ni kuuzuia usivuke ua wako. Vifo vya ghafla vya wengi pia ni dalili ya homa kali ya mafua ya ndege, ugonjwa mwingine kabisa na haya mafua ya kuku, ambayo inaweza kumpata mtu, kwa hiyo watoto wakae mbali na mizoga.

Nipitie haraka yanayoweza kukuchanganya. Tetea aliyesimama wima kama chupa, anajikamua, hajataga tangu jana, huenda yai limekwama. Mketishe kwenye beseni la maji vuguvugu nusu saa, mahali penye giza tulivu. Vidonda vikavu vyeusi kwenye upanga na kope ni ndui. Upanga uliopauka huku kuku anakula vizuri, kagua fito na nyufa usiku kwa tochi: utitiri na papasi hujificha mchana na kunyonya damu usiku. Kinyesi cha kahawia kinachonata na kunuka, kikitoka mara chache kwa siku katikati ya kile cha kawaida chenye kofia nyeupe, usikiogope. Kinatoka kwenye utumbo wa pembeni, na kila kuku mzima anacho.

Vifaranga ni habari nyingine. Wao baridi inawaua kweli, kwani hawana manyoya na wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi 32 hadi 35. Wakisikia baridi hurundikana na wa chini hukosa pumzi. Kama unao sasa, niandikie tena peke yao, wanastahili jibu lao.

Matandiko ya banda tafuta maranda ya randa kutoka kwa mafundi wa mninga, yale ya vipande, si unga wa msumeno ambao ni vumbi tupu la kuziba pua. Maganda ya mpunga ya Igunga au Nzega ni mazuri pia. Maganda ya karanga yakague kwanza. Yenye ukungu humpa kuku ugonjwa wa mapafu usiotibika. Pindua matandiko kila siku mbili, na yaliyolowa chini ya vyombo vya maji toa yote.

Mitetea wa kununua watengwe wiki nne kabla hawajachanganyika na wako, mbali kiasi cha kutopumuliana. Najua ua wa Ipuli si mpana. Hata kwa dada yako mtaa wa pili, ilimradi yeye hafugi.

Na chanjo. Hawa wa sasa usiwachanje wakiwa wanaumwa. Ngoja wachangamke wote, dawa imalizike, kisha uchanje kundi zima siku moja. Kwa mdondo tunayo chanjo ya I-2 inayotengenezwa na TVLA, inayovumilia joto kuliko zile za zamani: tone moja kwenye jicho moja, kuku mkubwa na kifaranga sawasawa, kila baada ya miezi mitatu. Kinga huchukua wiki moja hadi mbili kusimama, ndiyo maana kuchanja siku jirani anapozika kuku wake ni kuchelewa. Chupa moja ina matone mengi kuliko kuku wako. Zungukeni nyumba kumi za mtaa mchange, na yule jirani wa kuuza awe wa kwanza kualikwa. Weka alama mwezi Mei kwenye kalenda, kabla kipupwe hakijaanza.

Leo usiku saa 3 nenda ukasikilize. Niandikie idadi ya chafya, harufu ya ute wa yule aliyevimba, na rangi ya kinyesi cha kila mmoja wa wale wanne.